Kiingilio bure, mbona viti vitupu? Maswali yenu kuhusu sanaa za mtaani

Habari zenu wasomaji wangu. Safari hii meseji nyingi zimezunguka jambo moja, shoo na maonyesho ya bure au ya bei ya chini kwenye mitaa ya mjini yenye watu mchanganyiko, wengine mnayatafuta hamyaoni, wengine mnayaandaa kwa jasho na ukumbi unabaki nusu. Nimechukua maswali yaliyojirudia sana, nimeyafupisha kidogo, na majina nimeyaondoa kama mlivoomba.

SWALI: Dada mambo vipi. Nimehamia mtaa mpya mjini, jengo letu peke yake lina watu wa mataifa kibao, asubuhi kwenye lifti unasikia lugha tatu nne kabla hujafika chini. Napenda sana muziki wa laivu na michoro ila mfuko hauruhusu, kila tangazo nikiliona bei inanikata stimu. Watu wanasema vitu vya bure vipo vingi, mbona mi sivioni?

JIBU: Karibu mtaani mdogo wangu. Vipo kweli, ila shoo ya bure haina hela ya kujitangaza, yale mabango makubwa barabarani na matangazo yanayokurukia kwenye simu yanalipiwa na wanaouza tiketi, kwa hiyo ukikaa kusubiri ya bure ikufikie utasubiri sana, inabidi uifuate ilipo. Anza na maktaba ya mtaa. Najua wengi mnaiona ni sehemu ya wanafunzi kusomea mitihani, lakini maktaba nyingi za mijini ndo zinaongoza kwa mambo haya, hadithi za watoto, usomaji wa mashairi, madarasa ya kuchora, filamu, na zingine zinaazimisha hadi pasi za kuingilia makumbusho bure kama wanavoazimisha vitabu. Ukiingia nenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo, soma zile karatasi zilizobandikwa juu ya karatasi zingine mpaka pini zimeshika kutu, humo ndo unakuta kikundi cha ngoma kinachofanya mazoezi Jumamosi na mama anayefundisha kufinyanga bila malipo, watu ambao mtandaoni huwapati kabisa.

Afu kuna vyuo vya muziki. Mwanafunzi wa muziki karibu kila sehemu anatakiwa apige mbele ya watu ndo amalize masomo, na hizo shoo za wanafunzi mara nyingi mlango uko wazi kwa yeyote. Kaa mstari wa mbele uone kijana anafuta viganja kwenye suruali, anavuta pumzi, anaweka fidla begani, anamtupia jicho mwenzake wa piano, na upinde ukigusa nyuzi ukumbi mzima unanyamaza. Muziki wa namna hiyo watu wanaulipia hela nyingi kwenye kumbi kubwa, na hapo umekaa karibu kiasi cha kumsikia anavohema.

Kumbi za bei ghali nazo zina njia zake, uliza kuhusu mazoezi ya mwisho kabla mchezo haujafunguliwa, uliza tiketi zinazobaki siku yenyewe maana nyingi zinashushwa bei saa chache kabla, na uliza kama wanachukua watu wa kujitolea kuwaonyesha wageni viti, unasimama mlangoni kidogo afu shoo unaiona. Makumbusho mengi yana siku ya bure. Ufunguzi wa maonyesho ya michoro kwenye galari karibu siku zote ni bure na mchoraji mwenyewe yupo hapo, msogelee umuulize kwanini kachora hivo, wanapenda kuulizwa kuliko unavodhani. Na ukishampenda msanii mmoja wa mtaani mfuate yeye mtandaoni badala ya kufuata ukumbi, kwa sababu yeye ndo anajua wiki ijayo yuko bustani gani.

SWALI: Samahani dada, mi kitu cha bure nakiogopa. Mtu akuite bure, akupe kiti, akuimbie, afu asitake kitu? Mara nyingi mwisho wake ni kuuziwa bidhaa au kupigiwa kampeni. Nani analipa?

JIBU: Swali la haki kabisa, na kila mwandaaji akiulizwa hivo ajibu bila kununa. Shoo isiyo na gharama haipo, kuna spika, umeme, kibali, usafi, nauli za wasanii. Anayelipa anaweza kuwa manispaa kwa kodi yako mwenyewe, au taasisi inayotoa ruzuku, au biashara inayotaka nembo yake ionekane, au wasanii wenyewe kwa kukubali kutolipwa. Soma chini ya posta pale penye nembo ndogo ndogo, majina ya walioweka hela ndo yanakaa hapo. Nembo ya mgombea ikiwepo basi ujue unaenda kwenye mkutano wa kampeni wenye muziki, uamuzi ni wako.

Ila nisingependa ubaki na wazo kwamba sanaa ya bure ni mtego au ni hisani. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Binadamu, ibara ya 27 ilisema kila mtu ana haki ya kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni ya jamii yake na kufurahia sanaa. Hiyo ni haki, kama ya elimu, na watu wameipigania kweli kweli. Kuna kisa cha New York nakipenda sana. Joseph Papp alianza miaka ya 1950 kuonyesha tamthilia za Shakespeare bure, mwaka 1957 kundi lake likawa linazunguka na steji ya kukokotwa mitaani mpaka likaishia Central Park, bustani kubwa ya jiji hilo. Mwaka 1959 mkubwa wa bustani za jiji, Robert Moses, akamwambia atoze kiingilio, sababu eti nyasi zinakanyagwa na lazima hela ya kuzitengeneza ipatikane. Papp akakataa, wakapelekana mahakamani, na mahakama ya rufaa ikampa haki Papp. Mwaka 1962 pakafunguliwa ukumbi wa wazi humo humo bustanini, Delacorte, na mpaka leo tiketi zake ni bure, watu wanapanga foleni toka asubuhi. Fikiria mtu amekomaa na jiji zima kwa sababu ya kukataa kuchukua hela ya mtazamaji! Ndo maana nikisikia mtu anasema cha bure hakina thamani huwa sikubali hata kidogo.

SWALI: Dada, sisi ni kikundi cha vijana kama kumi na kitu hivi, tunafanya maigizo, mashairi na dansi. Mtaa wetu una watu wa kila kona ya dunia, na lengo letu lilikuwa kuwakutanisha. Kila baada ya miezi kadhaa tunaandaa shoo, kiingilio bure kabisa, tumebandika posta, tumepost kila sehemu. Wanaokuja ni wale wale, marafiki zetu na watu wa kabila letu, majirani wengine hatuwaoni. Tumeanza kukata tamaa, tufanyeje?

JIBU: Msikate tamaa wadogo zangu, na hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndo kiini cha barua zote nilizopata.

Kiingilio ni kizuizi kimoja tu kati ya vingi. Mkikiondoa hicho vingine vyote vinabaki pale pale, na mtu aliyekuwa haji kwa sababu zingine ataendelea kutokuja. Uingereza walilionja hili kwa kiwango cha nchi, mwezi Desemba 2001 makumbusho makubwa ya taifa yaliyokuwa yanatoza kiingilio yakaondoa, idadi ya wanaoingia ikapanda sana, ila sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwa watu wa aina ile ile waliokuwa na mazoea ya makumbusho, sasa wanaenda mara nyingi zaidi. Kuondoa bei lilikuwa jambo jema na natamani kila nchi iige, lakini bei peke yake haikumleta aliyekuwa anajiona pale si mahali pake.

Sasa mjiulize jirani yenu haji kwanini. Saa kumi na mbili jioni yuko kwenye basi anarudi kazini, au ndo anaingia zamu ya usiku. Shoo ikiisha saa nne usafiri umeisha. Watoto atamwachia nani. Posta imeandikwa lugha asiyosoma vizuri. Siku mliyochagua ni siku yake ya ibada au mwezi wake wa kufunga. Na kubwa kuliko zote, hakuna mtu yeyote anayemfahamu aliyemwambia njoo.

Kuna jingine ambalo waandaaji wengi hawalioni kabisa, nalo liko mlangoni. Simameni siku moja kwa mbali muutazame mlango wenu. Kuna meza, kuna karatasi yenye mistari, jina, namba ya simu, anwani, sahihi, kuna kalamu imefungwa kwa kamba, na pembeni kuna mlinzi mwenye sare. Kwenu nyie ni utaratibu tu, mfadhili anataka idadi. Lakini kwenye mtaa wa watu waliohamia toka mbali kuna familia ambazo karatasi zao za kuishi bado zinasubiri majibu, na mtu wa namna hiyo akiiona ile kalamu anapunguza mwendo, anajifanya anaangalia simu, anapita. Hamtamuona tena. Ondoeni ile karatasi! Kama mfadhili anataka idadi mpeni mtu mmoja kaunta ya kubonyeza mkononi ahesabu vichwa kimya kimya, yatosha. Na mlangoni muweke mtu mzima wa mtaani mwenye uso wa kukaribisha, sare ikae mbali kidogo.

Baada ya hapo nendeni kwa watu kabla hamjawaita waje kwenu. Kila jamii ina mtu wake anayesikilizwa, anaweza kuwa mwalimu wa madrasa, mama wa saluni, kocha wa timu ya watoto, mzee wa kanisa. Mfuateni na muongee naye kabla programu haijapangwa, hapo ndo pa msingi, kwa sababu waandaaji wengi wanapanga kila kitu wenyewe afu wiki moja kabla ndo wanatafuta "mtu wa kutuletea watu wake", na huyo mtu anajua fika kwamba ameitwa kujaza viti. Mpeni sauti ya kuchagua siku, ukumbi, na nani apande stejini. Kama hamuwezi kumpa hiyo basi msimsumbue.

Nawaomba pia muachane na ule mtindo wa usiku mmoja wa tamaduni zote, kila jamii dakika tano, inavaa nguo za asili inacheza inashuka. Kila kundi linakuja kutazama dakika zake tano, linapiga picha linaondoka, na watu wanarudi nyumbani bila kujuana hata jina. Afadhali kazi moja ndogo ambayo watu wa jamii mbili tatu wameitengeneza pamoja kwa wiki kadhaa, maana kwenye mazoezi ndo watu wanazoeana, wanagombana kuhusu mdundo, wanafundishana hatua, na siku ya shoo kila mmoja analeta ndugu zake waje kumtazama.

Mazoezi yenyewe yawekeni wazi. Kule Kamiriithu, Limuru nchini Kenya, mwaka 1977 wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu zaidi ya 2,000, wakishirikiana na waandishi wa mchezo, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mazoezi yalifanyika mbele ya yeyote aliyepita. Watu walisimama pembeni wakasikiliza, afu wakaanza kusahihisha, mzee hawezi kuongea hivo, kazi ile kiwandani haifanywi hivo, na maneno ya mchezo yakabadilika kwa kuwasikiliza. Kufika siku ya kwanza mchezo ulikuwa ni wao. Serikali iliuzuia mwezi Novemba mwaka ule ule, na hiyo nayo inaonyesha ulikuwa umewafika watu kiasi gani.

Na sio lazima kila kitu kiwe ndani ya ukumbi. Notting Hill, London, mtaa uliokuwa umejaa watu wa visiwa vya Karibi, Waairishi, Wahispania, Wareno, Waafrika, mwaka 1958 ulipata vurugu mbaya za kibaguzi. Januari 1959 mwanahabari Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, akaandaa kanivali ndani ya ukumbi kuwapa watu wake nguvu. Mwaka 1966 Rhaune Laslett, mkazi wa mtaa, akaandaa sherehe ya mtaani kwa ajili ya watoto wa jamii zote, na siku ile wapiga ngoma za chuma wakiongozwa na Russell Henderson wakaondoka pale walipopangiwa wakaanza kutembea barabarani huku wanapiga, watu wakatoka majumbani wakawafuata. Ile ya ukumbini ya Claudia Jones na hii ya barabarani ndo mizizi ya kanivali kubwa ya Notting Hill inayofanyika kila Agosti. Muziki ukipita chini ya dirisha la mtu hahitaji posta wala kujiuliza kama anakaribishwa.

Kwa lugha, posta ziwe na maneno machache na picha inayoeleweka, saa na mahali vionekane kwa mbali. Halafu rekodini voisi za WhatsApp, kila lugha ya mtaa voisi moja ya sekunde kama thelathini, iliyosemwa na mtu wa mtaa huo huo ambaye sauti yake inajulikana, azitume kwenye magrupu ya jamii yake. Voisi ya mama Fulani anayejulikana na kila mtu inafika mbali kuliko posta nzuri ya kulipia.

Msitegemee matunda kwenye shoo ya kwanza. Jirani mmoja akija mara ya kwanza anasimama karibu na mlango, ya pili anakaa, ya tatu anakuja na dada yake.

SWALI: Mi ni msanii, napiga gitaa na kuimba. Naitwa sana kwenye shoo za mtaani za bure, nikiuliza malipo naambiwa hii ni ya jamii, utapata kujulikana. Napenda mtaa wangu lakini kodi ya nyumba silipi kwa kujulikana. Nikatae? Nitaonekana nina roho mbaya?

JIBU: Huna roho mbaya kaka, una kazi, na kazi inalipwa. Kiingilio kuwa bure kwa mtazamaji hakumaanishi msanii naye awe bure. Uliza swali moja tu kwa upole, je kuna mtu yeyote anayelipwa siku hiyo? Mwenye spika, mwenye viti, mpiga picha, mwenye hema, wote wakiwa wanalipwa na wewe uliyewaleta watu hulipwi basi mpangilio huo haujakaa sawa na unaweza kukataa bila kujieleza sana. Lakini kama kweli wote wanajitolea, kuanzia mwandaaji mpaka anayefagia, hapo ni kushirikiana na wewe mwenyewe unajua moyo wako unasemaje. Ufaransa toka mwaka 1982 kila tarehe 21 Juni wanamuziki wa kila kiwango wanatoka kupiga barabarani na viwanjani bure, wazo limesambaa nchi nyingi sana, na linafanya kazi kwa sababu ni siku moja kwa mwaka, wote wanajua masharti, hakuna anayeitwa kila wikendi kwa jina la jamii.

Hata ukikubali kutolipwa weka maandishi, meseji tu inatosha, nauli nani anatoa, nani analeta maiki, unapiga dakika ngapi, nani anarekodi na video itatumika wapi. Na nyie waandaaji mnaosoma hapa, kwenye bajeti yenu mstari wa msanii uandikwe wa kwanza, kabla ya tisheti na mabango.

SWALI: Mwanangu, nimezidi miaka sabini na magoti yananisumbua. Kuna vijana wanataka kuchora picha kubwa kwenye ukuta wa jengo letu, wanasema na sisi wazee tushiriki. Mi nitapanda vipi ngazi? Na je wakichora mambo tusiyoyataka?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako la pili ndo kubwa kwa hiyo naanza nalo, waambie waje na michoro ya awali kwenye mkutano wa wakazi, waisikilize jamii, waondoke, warudi na mchoro uliorekebishwa, na hapo ndo mkubaliane. Ukuta mtauona kila siku nyie mnaoishi hapo. Muulize pia nani ataurekebisha rangi ikibanduka, maana picha ya ukutani inahitaji matunzo, na mwenye jengo awe ametoa ruhusa kwa maandishi.

Kuhusu ngazi usiwe na wasiwasi kabisa. Philadelphia huko Marekani, ambako mpango wao wa michoro ya ukutani ulianza mwaka 1984 chini ya mchoraji Jane Golden kwa kuwashirikisha vijana waliokuwa wanachafua kuta kwa rangi za kupuliza, na sasa wana michoro kwa maelfu, wanatumia njia nzuri sana. Mchoro unagawanywa vipande vipande kwenye kitambaa chepesi kama kile cha miavuli ya kurukia toka kwenye ndege, kila kipande kina mistari na namba, namba moja rangi hii, namba mbili rangi ile. Vitambaa vinatandikwa mezani kwenye ukumbi au shuleni, watoto, wazee, hata wagonjwa wanakaa kwenye kiti na brashi wanajaza rangi kulingana na namba, vikikauka mafundi wanavipeleka ukutani wanavigandisha kwa gundi maalum kipande kwa kipande, na mwishoni hata maungio huyaoni. Waambie vijana wako waitafute njia hiyo. Utakaa zako mezani na chai yako pembeni, na kile kipande cha anga ulichokijaza wewe utakionyesha wajukuu.

SWALI: Dada, mwanangu wa kiume ana usonji, kelele za ghafla zinamtisha na hawezi kukaa kimya muda mrefu. Anapenda muziki kupita kiasi. Nimeacha kumpeleka kwenye shoo kwa sababu ya macho ya watu. Kuna namna?

JIBU: Ipo mama, na usiache. Kumbi nyingi sasa zinafanya maonyesho tulivu, taa za ukumbini hazizimwi zote, sauti inapunguzwa, watu wanaruhusiwa kutoka na kuingia, kuongea, kusimama, na mara nyingi kuna chumba cha pembeni cha kupumzika. Piga simu uulize hilo kwa uwazi, na kama hawana waombe, maombi ya wazazi ndo yaliyoyafanya yawepo. Wakati unasubiri, shoo za bustanini ndo rafiki yako mkubwa, hakuna milango, unakaa pembeni kabisa mbali na spika, akichoka mnaondoka na hakuna hela iliyopotea, na hii ni faida moja ya shoo za bure ambayo haizungumzwi. Nenda mapema wakati wanapima mitambo ili zile sauti za ghafla azisikie kidogo kidogo, na mbebee vile vizibo vya masikio vya watoto. Macho ya watu yatazoea. Ana haki ya kuwa pale.

SWALI: Dada tuko kamati ya mtaa, tunabishana. Wengine wanataka shoo iwe bure, wengine wanasema tuweke kiingilio kidogo maana watu wakipewa tiketi za bure hawaji. Wewe unaonaje?

JIBU: Wote mna hoja. Ni kweli tiketi za bure za kujiandikisha mtandaoni zinapotea sana, mtu anabonyeza kwa sababu haimgharimu kitu, siku ikifika mvua inanyesha analala, na aliyekuwa anataka kweli ameambiwa nafasi zimejaa. Dawa yake msiifanye kuwa kiingilio. Gaweni nafasi zaidi ya viti vilivopo mkijua wengine hawatafika, tumeni meseji ya kukumbusha siku moja kabla yenye namna rahisi ya kujitoa, na acheni sehemu ya viti kwa wanaokuja bila kujiandikisha, kwa sababu wengi wasiokuwa na intaneti ya uhakika wanakuja hivo hivo.

Kwa upande wa hela mi napenda mtindo wa lipa unachoweza, mradi ufanywe kwa heshima. Andikeni gharama halisi ya kiti kimoja ni kiasi gani, andikeni kwamba mwenye nacho zaidi akilipa zaidi anamlipia jirani, na mwenye sifuri anaingia kwa sifuri. Msimuulize mtu sababu wala kitambulisho cha kuthibitisha kwamba hana, hiyo inamuumiza mtu kuliko bei yenyewe. Kama mtatumia kapu basi likae upande wa kutokea, mtu ameshaona shoo anajua imemgusa kiasi gani, na pembeni muweke namba ya kutumia hela kwa simu maana wengi hawatembei na noti siku hizi. Anayeshika kapu awe kijana wa mtaani anayewajua majirani, aangalie nyuso zao awaage vizuri, asichungulie nani ametumbukiza nini. Afu wiki inayofuata bandikeni kwenye ule ule ubao mlipobandika posta, zimeingia hela kiasi hiki, wasanii wamepata hiki, spika hiki, zimebaki hizi kwa ajili ya shoo ijayo tarehe fulani.